Zamu ya Bi Siti wa Koyama

Wasifu wa marehemu Mwanasiti binti Omar (1966–2025), uliosomwa na mdogo wake, Ilyas Omar, kwenye hitima nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Alanley, Kismayo, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025.

Masheikh wetu, wazee, kina mama mlioko uani, majirani, na jamaa mliovuka kutoka visiwani, assalamu alaykum. Shemeji yangu Mahmudi ameniomba niusome wasifu huu kwa upole. Nimemwahidi nitajaribu. Lakini nawaambia mapema kwamba nina hasira, na hasira yenyewe nimeirithi kwa marehemu, maana miaka hii mitatu ya mwisho hakuwa na kitu kingine cha kunigawia.

Marehemu alizaliwa kisiwani Koyama mwezi wa Shaaban, mwaka 1966, mtoto wa pili wa mzee Omar na Bi Tima. Sisi tuliomfuata tulimwita Dada Siti, na baadaye watu wote wakamwita Bi Siti. Mama alikuwa akisimulia kwamba Siti tangu mdogo alikuwa hawezi kuona vitu viwili vinavyofaana vimekaa mbalimbali. Jirani mmoja akiwa na kuku anayetaga na mwingine akiwa na unga, mtoto yule hatulii mpaka maandazi yamepikwa. Mama alimchapa mara nyingi kwa kugawa vitu visivyokuwa vyake.

Alisoma chuoni Koyama mpaka akahitimu juzuu zake, kisha mwaka 1975 akaletwa hapa Kismayo kwa shangazi yetu aanze shule. Siku ya kwanza hakujua Kisomali hata neno la kuombea maji. Mwalimu alimuuliza jina, akajibu habari ya safari, darasa zima likacheka. Alikaa benchi moja na msichana aliyeitwa Mulki, na saa ya mapumziko akafungua kitambaa chake, akamkatia kipande cha ng'onda wa papa. Mulki akala, akaonyesha ubao, akautaja kwa Kisomali. Siti akamkatia kipande kingine, Mulki akataja dirisha. Mpaka mwisho wa muhula Siti alikuwa anazungumza na Mulki alikuwa hawezi kula wali bila samaki mkavu. Mulki huyo ndiye yule yule mnayemjua nyote, mfanyabiashara wa sokoni, na yuko hapa leo upande wa kina mama. Marehemu alimaliza shule ya sekondari mwaka 1985.

Mwaka 1986 aliajiriwa karani kwenye ushirika wa wavuvi hapa mjini. Mwaka 1988, tarehe 12 Februari, aliolewa na Mahmudi, fundi wa mashua, mtu wa maneno machache, na nadhani ndiyo sababu ndoa yao ilidumu, kwani maneno yote yalikuwa ya Siti. Vita vilipoingia walihama kama tulivyohama sote. Mwaka 1992 walifika Mombasa, wakawekwa kambini Jomvu, na huko Layla, mtoto wao wa pekee, akazaliwa mwaka uliofuata.

Naomba nikae kidogo hapo Jomvu, kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia pale. Chakula cha mgao kilikuwa hakimtoshi mtu. Huyu ana mafuta hana mkaa, yule ana mkaa hana unga. Siti akawaambia wanawake wa mstari wake wale kikoa, kama tulivyokuwa tukila Koyama: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule, na kila mtu alete alichonacho. Kikoa si jambo geni kwa mtu yeyote aliyeko hapa. Ila yeye aliongeza sharti. Kabla bakuli la kunawia halijapita, kila aliyekaa kwenye sinia ataje kitu kimoja alicho nacho na jambo moja atakalofanya kabla ya kikoa kijacho. Asiyelifanya atakula kama wengine, hanyimwi, lakini ndiye atakayeosha sinia. Kwa sharti hilo wanawake wa mstari ule walipata cherehani, wakapata mwalimu wa watoto, na ikajulikana kambini kote ni nani mwenye uvivu, maana mikono yake ilikuwa kwenye sinia chafu kila wiki.

Kambi ilipofungwa walihamia Kisauni, akauza mahamri miaka mingi. Mwaka 2014 yeye na Mahmudi walirudi Kismayo. Layla alibaki Mombasa, ameolewa huko. Wengi tulimwambia Siti amerudi mapema mno. Alijibu kwamba akingoja mji utulie ndipo arudi, mji nao utamngoja yeye arudi ndipo utulie, na hivyo watangojana mpaka Kiyama.

Sasa nifike kwenye kazi yake.

Aliporudi alikuta mambo yaliyomkera usingizi ukamruka. Kule Koyama, Mzee Yusuf na wenzake walikuwa wanavua samaki wazuri, changu, tewa na kamba, na kwa kukosa barafu wanawakausha au wanawauza baharini kwa bei ya kutupa. Hapa mjini, Mahir ana mtambo wa barafu, na jioni barafu isiyonunuliwa inamwagwa mtaroni, watoto wanaichezea. Kapteni Sharif anapeleka abiria visiwani kwa boti yake na kurudi na viti vitupu. Na Mulki, rafiki yake wa benchi moja, anaagiza samaki kutoka mbali kwa ajili ya hoteli na mikahawa ya mji. Watu wanne, bahari moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamkia mwenzake. Huyu Mbajuni, yule Msomali, huyu wa kisiwani, yule wa mjini, kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za babu zao.

Siti hakuwaandikia barua wala hakuwaitia mkutano. Alipika. Ijumaa moja ya mwaka 2016, baada ya swala, aliwaweka wote wanne kwenye sinia moja sebuleni humu. Nilikuwepo. Walikaa wamenuna kama watu wanaongoja kupigwa sindano. Siti akasema kwa Kibajuni chake, kwa sababu akiwa na jambo zito alikuwa hasemi lugha nyingine:

"Kila mchu aseme kichu kimoja alicho nacho. Msiniambie mnataka nini. Wachu wote wataka. Niambieni mna nini."

Mahir akasema, nina barafu namwaga. Sharif akasema, nina nafasi kwenye boti. Mzee Yusuf akasema ana samaki, kila mtu anajua ana samaki. Mulki akasema, "Walaahi abaayo, dada yangu, mimi nina wateja, lakini samaki akinuka wateja sina tena." Hapo Sharif akaanza kueleza kwamba inafaa ijengwe gati mpya Koyama, na chumba cha baridi, na serikali ihusishwe. Siti akamkata.

"Sharif, sanduku moja. Ijumaa ijayo nataka sanduku moja la samaki wa barafu kutoka Koyama mpaka kwa Mulki. Gati utaijenga ukisha kula."

Sanduku la kwanza lilifika limejaa maji na samaki wameharibika. Walilaumiana sana. Siti aliuliza swali moja tu, maji yameingilia wapi, na Mahmudi, ambaye hakuwa hata ameulizwa ana nini, akaenda karakanani kwake akarudi na gunia la vumbi la mbao. Sanduku la pili lilizungushiwa vumbi la mbao, likafika barafu ikiwa bado inang'aa. Wakaenda hivyo hivyo, Ijumaa kwa Ijumaa, jambo dogo linajaribiwa, likikataa linabadilishwa, likikubali linaongezwa. Masanduku yakawa mengi. Boti ikawa hairudi tupu, inapeleka maji, unga na dawa. Kisha watu wa Fuma na Darakasi, visiwa jirani, nao wakaomba boti ipite kwao.

Na zamu zilizunguka. Ya kwanza Siti, ya pili Mulki, ya tatu Mzee Yusuf, ya nne Mahir, ya tano Sharif, kisha inarudi kwa Siti. Mulki alipowapikia bariis na kuweka ndizi mbivu juu ya wali, Mzee Yusuf aliitoa ndizi yake akaificha chini ya mkeka akidhani mpishi amekosea. Mahir, zamu yake ilipofika mara ya kwanza, alituma mtu na pesa ili Siti amnunulie chakula. Pesa zikarudishwa na ujumbe: "Lete hata chai ya rangi, lakini itoke kwako." Akaleta maharagwe yaliyoungua, wakala yote. Na wiki aliyosahau kutengeneza pampu yake kama alivyoahidi, aliosha sinia hapo uani, mwenye mtambo mzima, wafanyakazi wake wakichungulia mlangoni. Wiki iliyofuata pampu ilifanya kazi.

Ndugu zangu, hayo yaliendelea miaka sita. Familia zilizokuwa Mombasa zikaanza kurudi Koyama. Nyumba zilizokuwa zimeota mitunguja ndani zikaezekwa. Hili ndilo alilolitaka maishani, watu warudi kwao na wakae, na alianza kuliona kwa macho yake.

Mwaka 2022 likaja shirika moja. Jina silitaji, wageni hawasengenywi msibani. Walikuwa wamesikia habari za masanduku, wakataka kuyakuza yawe mtandao wa ushirikiano wa maendeleo ya uchumi wa kanda nzima. Walileta mtaalamu, kijana mwenye adabu, akamuuliza Siti mtandao wake una muundo gani. Akajibu, "Una sinia." Kijana akacheka, akaandika.

Wakaitwa hotelini kwa warsha. Ukutani zikabandikwa karatasi za rangi, wakachaguliwa mwenyekiti na katibu, zikaundwa kamati ndogo ya masoko, ya nishati, ya usafiri na ya visiwa. Mulki akapewa masoko, Mahir nishati, Sharif usafiri, Mzee Yusuf visiwa. Siti akapewa cheo cha mlezi, maana yake akae mbele apigwe picha. Aliinua mkono, akauliza, "Chakula cha mchana, zamu ya nani?" Wakamwambia asihangaike, hoteli itashughulikia, na kila mmoja atapata posho yake. Akasema, "Basi hapa hamna zamu." Watu wakatabasamu. Mimi pia nilikuwepo, na niliona watu wanne niliowajua kwa maharagwe ya kuungua wanatabasamu pamoja na wengine.

Simlaumu yule kijana. Yeye aliuliza, sisi ndio tuliojibu. Hakuna mtu aliyetukataza kula nyumbani. Tulipenda viti vyenye vitambaa vyeupe, tukapenda kuitwa wadau, na tukaona aibu kukaa chini kwenye mkeka mbele ya wageni. Kabla ya hoteli, mtu alikuwa anakuja kwa sababu wiki jana amekula kwa mwenzake na wiki ijayo mwenzake atakula kwake. Hotelini hakuna aliyemlisha mwenzake. Ukimaliza kula unamshukuru mhudumu na unaondoka zako. Basi kamati ya masoko ikagombana na kamati ya usafiri juu ya nani atie sahihi, visiwa wakasusia, nishati wakasema hawafanyi jambo bila muhtasari. Mpango mkakati wa miaka mitano ukachapwa kwa jalada zuri. Nauona pale kabatini, Mahmudi ameuegemezea vikombe.

Mradi ukafika mwisho kama miradi inavyofika. Posho ikaisha, warsha zikaisha, na kila mtu akakaa kwake akingoja barua ya mwaliko. Kutoka kwa nani? Mliulizana? Siti alipika Ijumaa, akapeleka salamu, hakuna aliyekuja. Akapika tena. Chakula kile kililiwa na majirani, nao walishukuru. Alizunguka kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa imeshavimba, kwa Mahir, kwa Sharif, sokoni kwa Mulki. Kila mmoja alimpokea kwa heshima na soda baridi, akamwambia wenzake ndio wagumu. Alipanda boti akaenda mpaka Koyama, na Mzee Yusuf akamwambia visiwa haviwezi kuanza, mjini ndiko kunakoanza. Barafu ikarudi mtaroni. Na zile familia zilizorejea, moja moja, zikafunga milango, zikaondoka tena. Siku alipoiona nyumba ya kwanza imefungwa alirudi hapa, akakaa kwenye kile kizingiti, na hakuzungumza na mtu mpaka magharibi. Katika umri wangu wote sikuwahi kumwona dada yangu amenyamaza.

Sukari aliishi nayo kwa miaka mingi, na mwaka jana figo nazo zikaanza kushindwa. Mwezi wa Agosti mwaka huu alilazwa hospitali hapa mjini, akatoka, akalazwa tena Septemba. Madaktari na wauguzi walifanya wawezalo na familia inawashukuru. Jumapili iliyopita aliomba arudishwe nyumbani. Siku mbili za mwisho alikuwa akilala na kuzinduka, na kila akizinduka alinishika mkono, akaniuliza, "Zamu ya nani?" Nilidhani homa imempanda. Nikamwambia, pumzika dada. Akaniuliza tena, kwa ukali, kama mtu anayemuuliza mjinga. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba, alitamka shahada akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri.

Karatasi mliyogawiwa inaishia hapo. Yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu leo hii.

Mnajua kwamba nyumba ya msiba haiwashi jiko lake. Jumanne jioni nilikuwa naumiza kichwa hitima ya leo italiwa nini, na niliapa sitamwomba mtu. Jana mchana nikaletewa habari kwamba boti ya Sharif imetia nanga ikitoka Koyama. Imejaa watu wa visiwani, na katikati yao masanduku. Mzee Yusuf na vijana wake walikuwa wameingia baharini kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu, alivyoniambia, "mchu hendi msibani mikono mitupu." Barafu walikuwa nayo. Mahir aliisukumia botini Jumanne ile ile, mara aliposikia Sharif anakwenda kuwachukua watu wa Koyama, na hakungoja kuombwa. Mulki alishaleta mchele na viungo, kisha akafunga duka, akakaa uani na sufuria zake. Nilipofungua sanduku la kwanza nilikuta limezungushiwa vumbi la mbao. Nikamtazama Mahmudi. Akatazama chini.

Basi samaki mliyemla mchana huu, mkamsifu, alivuliwa Koyama jana, akafika hapa ana baridi. Hakuna aliyetia sahihi, na hakuna kamati iliyokaa. Watu wale wale, vitu vile vile, siku mbili tu. Nauliza, na mniwie radhi: alipokuwa hai, akizunguka na ile miguu yake, ni nini kiliwashinda? Mlikuwa mnangoja kaburi liwaalike?

Nilipokuwa nauliza hivyo moyoni leo asubuhi, nilipita uani, nikamkuta Kapteni Sharif ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, peke yake, ameshakuna rundo zima. Nikamwambia, Kapteni, wapo wanawake wa kazi hiyo. Hakuinua uso. Akasema, "Ilikuwa zamu yangu, Ilyas. Kabla ya ile hoteli tulikula kwa Mahir. Tangu siku ile ni zamu yangu."

Na mimi ndipo nilipojua kwamba dada yangu hakuwa na homa.

Marehemu ameacha mume, Mahmudi; binti, Layla, na wajukuu wawili waliobaki Mombasa; ndugu yake, mimi Ilyas; na watu wa Koyama, Fuma na Darakasi, waliorudi na walioondoka tena. Ameacha pia sinia, lile kubwa la shaba mlimokula leo.

Na ameacha zamu. Sharif amekwisha kulisha, kwa hiyo mzunguko umerudi nyumba hii. Nilitaka kuandika kwamba ya Siti haina wa kuijaza, tuiache hapo. Lakini Layla, ambaye hakuwahi mazishi ya mama yake na amefika jana tu, alinichungulia nikiandika, akaninyang'anya kalamu. Akasema, "Mjomba, tiketi ya kurudi nitaibadilisha. Andika Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala."

Nimeandika. Mahir, Mulki, Sharif, Mzee Yusuf, mmesikia mbele ya mashahidi. Njooni na kitu mlicho nacho, na mseme mtakalofanya. Na sinia la leo msiliguse. Nitaliosha mimi, maana kwenye chakula hiki chote, ni mimi peke yangu sikuleta kitu ila maneno.

Mola amlaze Mwanasiti binti Omar mahali pema, amghufirie, na ampe leo ile raha ya mtu aliyekula kwake na akala kwa wenzake. Amin.